Kimya cha Mchimba Visima

Moa, 8 Januari 1956

Kwa Bwana Rafaeli, mwuguzi wa wodi ya wanaume,

Barua yako nimeipokea dukani kwa Massoud, na nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Shuleni Tanga tulifundishwa kuanza barua kwa kusema sisi ni wazima. Mimi sitasema hivyo, maana ningekuwa mzima nisingekuwa na mume hospitalini kwenu milimani.

Umeniuliza mambo matatu: tangu lini Miraji hasemi, alikuwa mtu wa namna gani, na anapenda nini. Hilo la tatu limenishangaza. Tumempeleka kwa waganga wawili na kwa sheikh mmoja, na hakuna aliyeuliza anapenda nini. Wote waliuliza ana adui gani.

Basi nikujibu. Mume wangu ni fundi wa visima. Kuanzia hapa Moa mpaka Mabawa mjini, maji mengi wanayokunywa watu ameyatoa yeye. Na alikuwa msemaji, bwana! Akipita njiani, mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani atasimama amsikilize mpaka shingo imuume. Anapenda pweza wa nazi, anapenda kahawa bila sukari, na anapenda kutania watu kuliko vyote hivyo.

Mwezi wa Juni mwaka jana kisima kiliporomoka, kikamfukia mwenzake wa kazi, Idarusi. Walimtoa alasiri akiwa maiti. Tangu hapo maneno ya Miraji yakawa yanapungua. Kwanza aliacha utani, halafu akaacha kuamkia watu. Ilipofika Maulidi hakuwa na neno hata la kuomba maji, ndipo tukamleta kwenu Novemba.

Jina lako na la baba yako yananiambia wewe ni Mbondei. Nisamehe, lakini Miraji wetu ni Mdigo, na angekuwa na mdomo wake angeshakuuliza kama kwenu mmekwisha jifunza kula samaki mwenye miiba, au bado mnaishia kwenye bada, ule ugali wenu wa muhogo, na mboga za majani.

Tafadhali barua zako zipitie kwa Massoud, zisipitie kwa mjomba wangu.

Ni mimi,
Chiku binti Tabia

*

Hospitalini, 27 Januari 1956

Bibi Chiku,

Salamu kutoka kwenye baridi. Leo nina habari, ila nitaanza mbali kidogo ili uelewe ilivyotokea.

Mumeo alipofika aliketi kitandani akaelekea ukutani, na hapo ndipo alipokuwa siku zote. Ukimpa kijiko atakula, ukikisahau, hatakiomba. Daktari alimwandikia sindano za kutuliza, na kweli zilimtuliza, usingizi ukarudi. Lakini Mama Ruthi, mkuu wetu wa wauguzi, ambaye amekaa na wagonjwa hawa tangu mimi sijazaliwa, alinivuta pembeni. Akaniambia: "Rafaeli, sindano inaupumzisha ubongo, lakini haiupi sababu ya kuamka. Ubongo wa mtu haukuumbwa ukae peke yake. Kamtafutie mtu." Nikamwuliza mtu gani. Akasema, "Anza na wewe mwenyewe, kama huna mwingine."

Ndiyo maana nilikuandikia maswali yale. Miezi miwili nilikuwa nikimwambia, "Bwana Miraji, umeamkaje? Bwana Miraji, pole." Nilimheshimu sana. Sasa barua yako ilipofika na yale matusi yako ya samaki mwenye miiba, nilicheka peke yangu, nikakumbuka kwamba bibi yangu kule Muheza alikuwa hawezi kumwona Mdigo bila kumtukana, na Mdigo hawezi kupita kwake bila kumwibia kuku akamla kisha akarudi kumshukuru. Sisi ni watani! Nimekuwa nikimhudumia mtani wangu kama mgeni wa serikali.

Kesho yake wakati wa kumnawisha nikamwambia: "Ewe Mdigo, nasikia kwenu mnatia nazi hata kwenye chai." Hakugeuka. Nikaona bega lake limesogea, basi. Nikaendelea kila asubuhi. Nilimtukania visima vyake, nikamwambia maji yake ya chumvi hata mbuzi wa Kibondei hayanywi. Wagonjwa wengine wakawa wanangojea saa hiyo kama watu wanaongojea ngoma.

Siku ya kumi na mbili nilirudia ile ya nazi kwenye chai, maana nilikuwa nimeishiwa. Akaniambia, uso ukiwa bado ukutani: "Na nyinyi mnatia nini? Hiyo chai yenyewe mmeiona lini?"

Bibi Chiku, beseni liliniponyoka nikamwaga maji wodi nzima. Mama Ruthi alikuja mbio akidhani mgonjwa ameanguka. Nilipomwambia, mama yule aliketi kwenye maji yale yale akasema asante Mungu.

Niandikie zaidi. Niandikie alivyokuwa akitaniana na wenzake.

Rafaeli Methusela

*

Moa, 10 Februari 1956

Ndugu Rafaeli,

Nimekupandisha cheo, wewe si Bwana tena. Barua yako niliisomea dukani, nikacheka, halafu nikalia, mpaka Massoud akanipa kigoda na wateja wakauliza nimefiwa na nani. Nikawaambia nimefufuliwa mtu.

Nimeifikiria barua hiyo siku mbili nzima. Unajua sisi tulifanya nini hapa? Baada ya msiba watu wote walimwacha Miraji kwa heshima. Wanaume waliokuwa wakitukanana naye barazani wakawa wakimwona wanashusha sauti: "Pole Miraji. Mungu ndiye mpaji, Mungu ndiye mchukuaji." Mpaka Asmahani muuza vitumbua, mwanamke asiyemwogopa hata liwali, akawa anamfungia vitumbua kimya kimya na kuinamisha macho. Tulidhani ni adabu. Kumbe tulimheshimu mpaka tukamzika akiwa hai.

Miraji mwenyewe alikuwa akiwaambia watu: kisima kisichotekwa huziba. Maji hayaondoki, yapo kule chini, lakini mchanga unayafunika mpaka mtu aseme kisima hiki kimekauka. Dawa yake ni kuteka kila siku, hata kama ndoo ya kwanza itatoka tope. Mwambie Mama Ruthi kwamba amesema maneno ya fundi.

Umetaka utani wao. Yeye na Idarusi walikuwa hawaachani. Idarusi akitoka kisimani, kichwa kikitokeza tu, alikuwa na neno lake moja kila siku: "Nimewaona wazee wenu huko chini. Wanawasalimu, wanasema mpunguze kelele." Watu walikuwa wanakuja kisimani kusudi wamsikie akilisema. Miraji naye hujibu, "Kwa nini hawakukuzuia huko huko?"

Kuna jambo jingine, na hili usimwambie Miraji. Mjomba Mjaka, aliyenilea na ndiye mwenye amri juu yangu, amesema Idi ikipita atanipeleka Tanga kwa kadhi nikadai kuachanishwa. Anasema mwanamke wa miaka ishirini na tisa hawezi kukaa na jina la mume bila mume. Si mtu mbaya. Ananionea huruma, na huruma yake ndiyo ninayoiogopa. Nimemwomba angoje. Ameniambia, "Aje mwenyewe aniamkie kwa mdomo wake, ndipo nitangoja." Ramadhani inaanza Aprili, kwa hiyo unaona siku nilizonazo.

Mimi nikiwa na deni la shukrani kwako,
Chiku

*

Hospitalini, 2 Machi 1956

Dada Chiku,

Nimeharibu. Afadhali ulisikie kwangu.

Mumeo alikuwa anaendelea vizuri sana. Alikuwa akinitukana kila siku, akaanza kutoka kwenda bustanini, akamfundisha Abrahamu, mgonjwa wa kitanda cha pili, kushika jembe. Nilijiona fundi mkubwa. Nikafikiri: kama utani wangu umefika hapa, utani wa mwenzake utafika wapi? Juma lililopita tulikuwa tukichimba shimo la taka. Nilishuka ndani, nikatokeza kichwa, nikasema lile neno la Idarusi la kuwaona wazee huko chini. Nilijaribu na sauti ya Kimoa.

Alinitazama kama mtu asiyenijua. Mikono ikaanza kumtetemeka, akaliweka jembe chini polepole, akarudi wodini akaelekea ukutani. Leo siku ya tano. Hali chakula. Jana Daktari aliamuru alishwe kwa mpira, na mimi ndiye niliyemshika mabega.

Mama Ruthi hakunigombeza mbele ya watu. Aliniambia tu: "Yeye alikufungulia ukumbi, wewe ukaingia chumbani bila hodi." Daktari naye anasema hali hii ikiendelea mpaka mwisho wa Aprili itabidi ahamishwe hospitali kubwa ya mbali, ambako ni safari ya siku mbili kwa treni.

Huyo Idarusi alikuwa nani kwenu? Ulisema mwenzake wa kazi. Mtu hatetemeki vile kwa mwenzake wa kazi.

Ninafikiri niombe nibadilishwe wodi, apewe mwuguzi mwingine asiyempa kumbukumbu mbaya.

Rafaeli

*

Moa, 14 Machi 1956

Kaka Rafaeli,

Idarusi ni ndugu yangu. Tumbo moja, baba mmoja, nilimbeba mgongoni.

Sikukuficha kwa ubaya. Tangu tulipomzika sijalitamka jina lake mbele ya mtu, na nilipokuandikia mara ya kwanza kalamu ilikataa kuweka neno "ndugu" karibu yake. Nikaandika "mwenzake". Kosa hili basi si lako peke yako. Nilikutuma kisimani na nikakuficha kina chake.

Kwa hiyo Miraji alikuwa shemeji yake, mlamu wake. Nanyi Wabondei mnajua mlamu ni nani. Siku ya mazishi mlamu mtani ndiye wa kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe haki yake, jogoo. Ndiye wa kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, waliofiwa wacheke katikati ya machozi yao. Bila hivyo sisi tunaona mtu kama hajazikwa sawasawa. Miraji hakuingia. Alisimama nje ya ua wa makaburi akiwa ameshika kamba ya kisimani, na hakuna aliyethubutu kumwita. Idarusi alizikwa bila mtani.

Sasa hili la kubadilishwa wodi. Kaka yangu, nikutukane kidogo? Waganga wale wawili, kila dawa yao iliposhindwa, kosa lilikuwa letu: kuku hakuwa mweusi wa kutosha, au sisi hatukuwa na imani. Wewe ndiye wa kwanza kuniandikia "nimeharibu". Nilipolisoma neno hilo nilijua mume wangu yuko mikononi mwa mtu. Ukiondoka sasa, atajua jambo moja tu: kwamba yeye akinyamaza, watu huondoka. Sisi tumekwisha mfundisha hilo, usimfundishe na wewe.

Mkosaji harudi kwao. Hurudi kwenye mlango aliokosea, akabisha hodi.

Dada yako,
Chiku

*

Hospitalini, 11 Aprili 1956

Dada Chiku,

Nilirudi nikabisha. Nilikaa chini karibu na kitanda chake nikamwambia: "Miraji, nilichukua neno la marehemu bila ruhusa yako. Lilikuwa lako na lake. Nisamehe." Sikutania. Kesho yake nilikaa tena, na keshokutwa. Nilileta kazi yangu ya kukunja bandeji nikaifanyia pale pale. Siku nyingine sikusema hata neno moja, nikakunja tu. Daktari alipita akaniuliza ninafanya nini, na Mama Ruthi akamjibu kwa niaba yangu, "Anafanya kazi." Daktari akatikisa kichwa, lakini alituacha. Nitamshukuru kwa hilo maisha yangu yote.

Siku ya tisa Miraji alinyoosha mkono akachukua bandeji moja, akaikunja. Akasema, "Unakunja kama mtu anayefunga kisamvu." Tangu siku hiyo anakula.

Dada yangu, nimefanya kazi hii miaka sita. Nilikuwa nikidhani ugonjwa wa akili ni kitu kilichovunjika kichwani, na sisi kazi yetu ni kungoja Daktari akiunganishe. Sasa naona kwamba hata kichwa kilichoumia kinajua nani amekaa karibu nacho, na kinapima kama atakaa au ataondoka. Hilo nimefundishwa na mumeo akiwa ameelekea ukutani. Ni mtu hodari kuliko wote niliowahi kuwalisha.

Jana aliniomba niandike maneno yake kwako. Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika. Alisema niandike yalivyo, nisiyapambe. Haya ndiyo:

"Chiku. Siku ile zamu ya kushuka ilikuwa yangu. Asubuhi niliona mchanga umetoka ubavuni mwa kisima, nikasema moyoni, leo hapana. Idarusi naye aliuona. Akasema, mlamu, tutafute mbao tutie kwanza. Mimi kwa kuwa nilikuwa naogopa, sikutaka ajue. Nikamcheka. Nikamwambia mkunga aliyekupokea alikuwa haoni vizuri, ndiyo maana akatangaza mtoto mwanamume. Akaenda nyumbani kuchukua muhogo, akarudi bado anacheka, akashika kamba akashuka bila neno. Mimi nilikuwa juu. Nilisikia kishindo, kamba ikawa nyepesi.

Haikuwa kisima, Chiku. Ni mdomo wangu. Tangu siku ile nikiufungua naona utamshusha mtu. Wewe hukuniuliza kitu hata siku moja. Ulinipikia, ukanifulia, hukunitazama. Nikajua unajua. Huyu Mbondei amenitania miezi mitatu na hajafa, ndiyo maana naweza kukwambia. Kama utakwenda kwa kadhi, una haki. Nimesikia habari hiyo si kwa Rafaeli, ni kwa dereva wa lori aliyekuja kumwona nduguye."

Hapo akasema basi. Nimeandika kama alivyosema.

Rafaeli

*

Hospitalini, 4 Mei 1956

Dada Chiku,

Hii ni siku ya ishirini na tatu tangu nitume ile barua. Kila siku ya posta Miraji alikuwa akisimama mlangoni kabla gari halijafika. Wiki iliyopita alisimama lakini hakuniuliza. Wiki hii hakusimama.

Anakula na anafanya kazi, na Daktari amefuta lile neno la kumhamisha. Kwa hiyo si kwamba nakutisha. Wala sikulazimishi kusamehe, maana ndugu yako ni ndugu yako. Lakini kama jibu ni hapana, liandike. Mtu huyu anaweza kuishi na hapana. Kimya ndicho kilichomleta hapa.

Rafaeli

*

Moa, 7 Mei 1956

Miraji, mume wangu,

Najua Rafaeli atakusomea, au utasoma mwenyewe. Yote ni sawa, yeye si mgeni tena.

Nilipata barua yako wiki ya kwanza ya mfungo. Nimefunga nayo mpaka leo. Kila nikikaa niandike, mkono unakufa. Unadhani nilikuwa na hasira nawe. Sikiliza.

Idarusi alipokuja kuchukua muhogo, nilikuwa nakuna nazi. Aliniambia anacheka: "Dada, mumeo ananiita mwanamke. Mimi nataka tutie mbao kwanza." Akaketi. Ulimwambia neno lako, na bado alikuwa ameketi, Miraji. Alikuwa amekwisha amua kutoshuka. Ndipo mimi nikasema: "Hakukosea. Ungekuwa mwanamume ungekuwa umekwisha yafikia maji, si kukaa jikoni na wanawake." Nikamrushia kifuu. Akakidaka, akacheka na muhogo mdomoni, akainuka akaenda.

Hilo ndilo neno lililomwinua kitini. Ni langu.

Sikukutazama kwa sababu niliogopa ukinitazama utaliona. Nilipokuwa nakupikia nilikuwa nasema moyoni, namhudumia mtu ambaye ndugu yangu amemfia mikononi kwa ajili ya ulimi wangu. Wewe ulinyamaza ukapelekwa hospitali. Mimi nilinyamaza nikaambiwa nina subira. Watu wa Moa wamenisifu mwaka mzima kwa subira, na kila sifa ilinichoma.

Nimekaa na barua yako nikafikiri: huyu amejibebesha mzigo wote, na nikikaa kimya ataubeba na wangu. Nilikuwa karibu kukuachia. Nakuomba radhi kwa siku hizi za mfungo kuliko ninavyokuomba kwa mwaka mzima.

Hatukumwua, Miraji. Tulimpenda kwa namna tunayopendana hapa, kwa maneno makali, na siku hiyo mchanga ulikuwa umechoka. Naandika hivi na bado siamini yote. Labda tukiwa wawili tutaamini nusu nusu.

Mjomba ataleta gari la kunichukua Jumatatu tarehe ishirini na moja. Mimi sitakwenda kwa hiari yangu. Lakini sitaki uje kwa ajili ya mjomba. Njoo kwa ajili ya Idarusi. Mimi ni dada yake, nasimama mahali pake, na nakwambia kama ambavyo yeye angekwambia: mlamu gani wewe, mvivu, mwoga wa makaburi, mwaka mzima umemwacha mtani wako amelala bila kutukanwa?

Mkeo,
Chiku

*

Moa, 29 Mei 1956

Kaka Rafaeli,

Najua umeumwa na kutojua. Nilitaka nikuandikie siku ile ile lakini nyumba ilijaa watu.

Alishuka kwenye basi Ijumaa ile kabla ya Jumatatu ya mjomba, baada ya sala, na lile furushi mlilomfungia mlipomruhusu. Hakuja nyumbani. Alikwenda moja kwa moja makaburini, akajilaza chali ubavuni mwa kaburi la Idarusi, akakunja mikono. Watoto wakaja mbio: "Bi Chiku, mumeo amelala makaburini!" Nilipofika nusu ya Moa ilikuwa imekwisha fika, na mjomba Mjaka yuko mbele na bakora yake.

Mjomba akasema, "Mnaona? Nilisema mimi. Huyu bado."

Miraji akiwa chini pale pale akasema: "Shikamoo mjomba. Siondoki hapa mpaka nipewe jogoo."

Asmahani muuza vitumbua ndiye aliyeelewa kwanza, akapiga kelele: "Si mwehu huyo! Ni mtani! Mtani amekuja kuzika!" Hapo pakalipuka. Miraji akainuka akaanza kumwigiza Idarusi: anavyotembea huku bega moja liko chini, anavyovuta kikoi, anavyokula muhogo. Kaka, sijawahi kuona kitu kama kile. Alikuwa yeye. Wanawake walicheka wakishikana. Akamtukana marehemu: mvivu, mlafi, ametutangulia ili asilipe mahari ya mke wa pili. Akafika mahali pa kutoka kisimani. Alichuchumaa, akaanza kuinuka taratibu kama kichwa kinatokeza, akafungua mdomo, na neno halikutoka.

Akalia. Mtani halii, unajua. Mtani akilia mazishi yameharibika. Wote tukanyamaza, na niliona kile kimya kinakuja tena, nilikiona kwa macho yangu.

Basi nikaingia mimi. Sijui mwanamke gani aliwahi kuingia pale kufanya hivyo. Nilisimama karibu naye nikalisema neno la Idarusi, lile la wazee wa huko chini, kwa sauti kubwa, na nikawaeleza watu wote ya muhogo na kifuu, na nililosema jikoni. Nililisema mbele ya mjomba. Nililimaliza lote. Miraji akanishika mkono, akasema huku machozi yanamtiririka, "Kwa nini hawakukuzuia huko huko?" Watu wakacheka na kulia pamoja, na hakuna aliyejua lipi ni lipi.

Nilipogeuka kumtafuta mjomba hayupo. Nikasema moyoni amekwenda kutafuta gari. Baada ya kitambo alirudi ameshika jogoo wake mwenyewe, yule mwekundu anayejivunia, amemshika miguu. Akamkabidhi Miraji. Akasema, "Haya, mtani, toka. Umetuchelewesha." Hakulitaja jina la kadhi siku hiyo wala baadaye. Jumatatu gari lilikuja kweli, nasi watatu tulilipanda kwenda Tanga kununua mbao za kutilia visima.

Sitakudanganya kwamba amepona kama mtu anavyopona homa. Kuna asubuhi anaelekea ukutani. Zamani ningeondoka kwa ncha za vidole ili nisimsumbue. Sasa naketi na nazi yangu nakuna pale pale, kama wewe ulivyokunja bandeji, na nikiona imezidi namwuliza ukuta umesema nini cha maana. Siku nyingine anajibu baada ya saa moja, siku nyingine anajibu kesho yake. Na mimi nikielekea wangu, maana ninao, yeye huniketia.

Mwambie Mama Ruthi kwamba Moa nzima inamjua jina. Na wewe, mwana wa Methusela, nikuambie nini? Nilileta kwenu mtu aliyekuwa amefungwa, na ninyi hamkumvunja ili mmfungue. Mliketi mlangoni. Sijui kama katika vitabu vya Daktari kuna jina la kazi hiyo. Kama halipo, wamwulize Mbondei mmoja anayekunja bandeji vibaya.

Miraji amenyang'anya kalamu, anataka aandike mwenyewe.

Dada yako,
Chiku

Mbondei,

Pweza nimemkausha, nimempa dereva wa lori akuletee. Hana miiba, usiogope. Abrahamu mwambie jembe hushikwa kwa mikono miwili.

Nimemzika mlamu wangu. Wewe nawe sasa huna ujanja, ukifa ni mimi wa kuja kulala kaburini kwako, na sitatoka kwa jogoo, nitataka ng'ombe. Lakini usife mwaka huu. Kesho nashuka kisimani, watu wa Nguvumali kule mjini wanangoja maji.

Mtani wako,
Miraji